Mzee kagoma kula: kisa cha presha, chukuchuku na sufuria lililopooza

Hiki kisa nakiandika kirefu kwa sababu kila nikikigusia watu wananiuliza maswali yaleyale, na wengi wana mzazi nyumbani mwenye hali hiyohiyo. Majina siweki. Familia iko Dar, mzee keshastaafu siku nyingi, asili yake Tanga, mtu wa samaki na nazi toka utotoni, sasa mtu kama huyo unamwekea viazi vya kuchemsha bila chumvi mchana na usiku alafu unashangaa kwa nini anasukuma sahani.

Ilianza kliniki. Presha imepanda, daktari kaandika dawa, kasema mzee apunguze chumvi, apunguze mafuta, atembeetembee. Basi. Ila maneno ya daktari yalitoka kule yakiwa matatu yakafika jikoni yakiwa amri kumi. Chumvi marufuku kabisa. Mafuta marufuku, hata tone. Kukaanga marufuku. Pilipili marufuku maana "inapandisha presha". Ndimu nayo ikapigwa stop kwa sababu kuna bibi jirani kasema inakausha damu na mzee keshakuwa mtu mzima, damu yenyewe ya kuokoteza. Nazi ikaondoka. Ukihesabu kilichobaki jikoni ni maji na moto, kwa hiyo mzee akawa anakula chukuchuku, tena chukuchuku ya kweli ya pwani ina chumvi na ndimu na pilipili inayoelea juu, hii ya kwake ilikuwa samaki kaoga tu.

Binti yake mkubwa ndo alinitafuta, mimi napika kwenye shughuli, harusi, maulidi, arobaini, kwa hiyo alidhani nina viungo vya siri. Meseji yake ilikuwa ndefu lakini kitu kimoja ndani yake ndo kilinifanya niende: mzee anakula kidogo mno nyumbani, chumvi hamna, kilo zimepungua, na bado kila akipimwa presha haishuki inavyotakiwa. Hapo kuna kitu hakijakaa sawa. Mtu asiyekula chumvi, anayemeza dawa kila siku, iweje?

Nikaenda, nikamsalimia mzee, shikamoo baba, marahaba mwanangu, umeletwa kunichemshia na wewe? Nikacheka, nikaenda jikoni. Nilipokaa na dada wa kazi bila binti kuwepo mambo yakaanza kutoka. Kwanza, maharage pale nyumbani yanapikwa na magadi ili yaive haraka, mkaa bei, mnajua wenyewe. Magadi ni sodiamu, na sodiamu ndo ile kitu kwenye chumvi inayomsumbua mtu wa presha. Pili, huyu dada kwa huruma yake alikuwa anamwonea mzee uchungu akawa anamtumbukizia kwenye supu vile vidonge vya kuongeza ladha vya dukani, kimoja, siku nyingine viwili, akaniambia kwa uso mweupe kabisa, "siweki chumvi dada, naweka kiungo". Vile vidonge vingi nusu ya uzito wake au zaidi ni chumvi tupu. Geuza pakiti usome, chumvi mara nyingi inatajwa mwanzoni kabisa, na kwenye lebo kinachotajwa mwanzo ndo kingi.

Tatu ndo kubwa, na siri ilitolewa na mjukuu wa darasa la pili aliyekuwa anachezea mlangoni. Babu asubuhi "ananyoosha miguu" mpaka kwenye kibanda cha supu. Kongoro, chapati mbili, na pale mezani kuna kikopo cha chumvi kilichotobolewa matundu kwa msumari, kila mtu anajinyunyizia anavyotaka. Kumbe kilo zilizopungua ni za mchana na jioni, asubuhi mzee anajilipa fidia.

Hebu tuweke namba hapa maana ndo zilimfungua macho binti. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai, na hapo inahesabiwa yote, ya kwenye mkate, ya kwenye chapati, ya kwenye siagi, ya kwenye kidonge cha supu. Bakuli moja la supu iliyotiwa chumvi na mpishi kisha ikaongezwa na mlaji, pamoja na chapati mbili, linaweza kula sehemu kubwa ya hicho kijiko kabla hata ya saa tatu asubuhi. Kwa hiyo chakula kisicho na ladha nyumbani hakikumpunguzia mzee chumvi, kilimhamisha meza. Na mimi ndo msimamo wangu toka siku nyingi: mgonjwa ukimpikia chakula kibaya hujamtibu, umemtuma akatafute kingine mahali ambapo humwoni.

Binti akauliza, kwa hiyo chumvi irudi? Nikamwambia irudi kidogo, kwa kipimo, na kabla haijarudi turudishe kwanza vile vitu vingine vyote mlivyofukuza bila daktari kuvitaja. Yeye alikuwa anaamini, kama watu wengi, kwamba chakula kikiwa chapwa kinakosa chumvi. Mara nyingi kinakosa vitu vingine vitatu: uchachu, kubabuka kwenye moto, na harufu. Chumvi ni rahisi kuifikiria kwa sababu iko karibu na mkono.

Nilimfanyia mzee jaribio kwenye maharage yake ya siku hiyo, yale yaliyochemshwa tu, hayajaungwa, yanaogelea kwenye maji ya rangi ya chai. Nikachota visosi vitatu. Kimoja nikakiacha hivyohivyo. Cha pili nikatia chumvi kidogo ya kubana na vidole viwili. Cha tatu sikutia chumvi kabisa, nikakamulia ndimu matone machache na kipande kidogo cha pilipili mbuzi nilichokiponda kwa mgongo wa kijiko. Nikamwekea mezani bila kumwambia kipi ni kipi. Cha kwanza akakirudisha hajamaliza kijiko. Cha pili akasema afadhali. Cha tatu akanyamaza kidogo, akarudia, akarudia tena, akasema "hiki ndo umeweka chumvi, hebu nipe hiki". Binti alikuwa kasimama mlangoni kakunja mikono, nikamwangalia tu.

Maelezo yake siyo uchawi. Uchachu na chumvi vinashirikiana mdomoni, ukiwa na uchachu kidogo chakula kinaonekana kina chumvi kuliko ilivyo, alafu uchachu unaleta mate, na mate ndo yanabeba ladha kuipeleka kwenye ulimi. Kwa mzee hilo ni muhimu zaidi kwa sababu dawa zingine za presha zinakausha mdomo, na nyingine, captopril kwa mfano, zinajulikana kabisa kuharibu ladha, mtu anahisi kama kalamba bati. (Ukiona hivyo kwa mzazi wako mwambie daktari, usimwachishe dawa kwa maamuzi ya jikoni.) Pilipili nayo sio ladha hasa, ni muwasho, lakini ule muwasho unaushtua mdomo uliolala, na haina chumvi ndani yake. Mwenye vidonda vya tumbo hiyo sehemu airuke.

Haya, harufu. Hapa watu hawanielewagi mpaka niwaambie wabane pua watafune kipande cha tangawizi, watasikia ukali tu, utangawizi wenyewe hamna, wakiachia pua ndo unaingia wote. Sehemu kubwa ya tunachokiita ladha inapitia nyuma ya koo kwenda puani. Na pua inazeeka, mtu akivuka miaka 60 kuendelea uwezo wa kunusa unashuka kwa wengi. Kwa hiyo chakula kile kile ambacho binti anakiona sio kibaya sana, kwa baba yake ni karatasi. Mzee anahitaji harufu nyingi zaidi ya sisi, na pale nyumbani alikuwa anapewa pungufu, tena chakula kinapikwa saa saba mchana kinakaa kwenye hotpoti mpaka usiku, kikifika mezani kimekuwa vuguvugu, na kitu vuguvugu harufu yake inapungua. Bizari yao nilipoifungua ilikuwa kwenye chupa isiyo na kifuniko juu ya dirisha, jua linaipiga, hata ukiingiza pua mle hupati kitu, ni unga wa njano tu wa kupaka rangi. Tukaitupa. Tukanunua bizari nyembamba nzima, pilipili manga nzima, hiliki, mdalasini wa vijiti, kidogokidogo sokoni, vinakaangwa kikavu kwenye kikaango mpaka vianze kunukia na kuruka, vinatwangwa siku ya kupikia. Hilo peke yake lilibadilisha nyumba, majirani wakaanza kuuliza kuna mgeni.

Sasa ngoja niyarudie maharage maana ndo chakula cha nyumba nyingi na ndo kinaharibiwa kuliko vyote. Yaloweke toka usiku, asubuhi mwaga yale maji, bandika na maji mapya bila magadi, weka kitunguu kizima kimoja na punje kadhaa za swaumu, yaache yaive taratibu. Yakilowekwa vizuri huhitaji magadi. Usitie nyanya wala ukwaju wakati bado magumu, asidi inafanya ganda la harage ligome kulainika na utachoma gunia. Yakishaiva chota upawa mmoja au miwili, ponda kabisa, rudisha, mchuzi unakuwa mzito. Hii kuponda watu wanaidharau lakini mchuzi mwepesi unapita mdomoni haraka, ulimi haujapata muda wa kusoma chochote, mzito unakaa. Alafu kuunga. Mafuta vijiko viwili vya chakula kwa sufuria la familia, sio kikombe, daktari alisema apunguze hakusema afute, na harufu nyingi za viungo zinayeyuka kwenye mafuta sio kwenye maji, bila mafuta zinabaki zimefungwa humohumo. Kitunguu kikaange kwa moto mdogo mpaka kiwe kahawia, sio kile cha kugusa kikawa laini cheupe ukakimbilia nyanya. Dada wa kazi alikuwa anakiangalia anasema kinaungua dada, nikamwambia bado, kikianza kunata chini nyunyizia maji kidogo, kwangua kwa mwiko, endelea. Kikishakuwa rangi ya hudhurungi ndo inaingia swaumu na tangawizi iliyotwangwa, bizari nyembamba, alafu nyanya, na nyanya zipike mpaka zikauke na mafuta yatoke pembeni. Hapo unamwagia maharage. Tui zito kidogo mwishoni. Ukishaipua ndo unatia maji ya ukwaju au ndimu, ukiitia moto ukiwa unawaka ile harufu ya ndimu inaondoka na mvuke.

Kwa nini kitunguu mpaka kahawia? Kuna mkemia Mfaransa, Louis-Camille Maillard, alieleza mwaka 1912 jinsi protini na sukari vikikutana na joto kali vinavyotengeneza vitu vipya vyenye rangi na harufu. Ile ngozi ya mishkaki, ukoko wa wali, ganda la mkate, kahawa iliyokaangwa, ndo hiyo. Inataka joto la zaidi ya nyuzi 100, na maji hata yachemke vipi hapa Dar usawa wa bahari hayavuki 100. Maana yake chakula cha kuchemsha hata ukikichemsha toka alfajiri hakitapata hiyo ladha, labda maji yakauke na kitu kianze kuunguza chini. Nyumba ya mzee ilikuwa haijabadilisha rangi ya chakula kwa muda mrefu. Kila kitu cheupe au kijivu.

Samaki tukamtoa kwenye maji tukampeleka kwenye mkaa. Changu, akatwe mistari pande zote, afutwe maji akauke kabisa maana samaki aliyelowa anapikika kwa mvuke hababuki, alafu apakwe swaumu, tangawizi, pilipili manga, bizari na ndimu na kijiko kimoja cha mafuta. Chumvi hakutiwa. Alipoiva nikabana chumvi kidogo nikamnyunyizia juu ya ngozi pale mezani mzee anaona. Hii ya kuweka chumvi juu mwishoni ni mbinu nzuri kuliko zote kwa mtu wa presha, kwa sababu chumvi iliyoyeyuka ndani ya sufuria zima nyingi unaimeza bila ulimi kuiona, iliyoko juu ulimi unakutana nayo kwanza. Kiasi kidogo kinasikika kikubwa. Tena ina faida ya pili, mzee anaiona. Mtu aliyenyang'anywa kitu akirudishiwa kidogo mbele ya macho yake anapoa.

Supu ndo ilinipa kazi kwa sababu vidonge vimeondoka na mzee kasema supu imekufa. Hapo nikaleta dagaa. Mwaka 1908 Mjapani mmoja, Kikunae Ikeda, alichunguza supu ya mwani wanaouita kombu akakuta kitu kinaitwa glutamati, ndo kile kinacholeta ladha ya kunoga ambayo sio chumvi, sio utamu, sio uchachu. Miaka mitano baadaye mwenzake, Shintaro Kodama, akakuta kitu cha pili kwenye samaki mkavu, na hivyo viwili vikikutana vinakuzana maradufu. Wajapani mpaka leo wanachemsha visamaki vidogo vikavu kutengeneza supu, na ukiviona unasema hawa si dagaa wetu hawa. Nyanya iliyoiva sana ina glutamati, dagaa wana kile cha pili, kwa hiyo mchuzi wa nyanya na dagaa bibi zetu walishamaliza hiyo kemia bila maabara. Lakini angalia dagaa gani. Wa Zanzibar wengi wanachemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, hao wameshakula chumvi tayari. Wa Mwanza kwa kawaida wanaanikwa hivyohivyo juani, kero yao ni mchanga. Chukua wa Mwanza, toa vichwa na tumbo maana ndo penye uchungu, osha na maji ya moto mchanga uondoke, kausha, kaanga kikavu mpaka wavunjike wakibanwa, twanga unga. Kijiko kimoja cha unga huo kwenye supu ya mzee na nyanya mbili zilizochomwa kwenye mkaa zikamenywa, na huwezi kusikia udagaa, unasikia tu supu imekuwa nzito. Na ng'onda, papa mkavu, hapana jamani, ile ni chumvi yenye samaki ndani.

Binti akaniuliza kuhusu ile punje nyeupe ya kuongeza ladha inayouzwa kwenye vipakiti. Hiyo ndo glutamati yenyewe ikiwa na sodiamu, ina kama asilimia 12 ya sodiamu wakati chumvi ina karibu 39, kwa hiyo ukiitumia kidogo badala ya chumvi unapunguza, ukiitumia juu ya chumvi unaongeza. Sio sumu kama mitaa inavyosema. Mimi kwa mzee sikuiweka kwa sababu nilitaka waache mkono wa kunyunyiza vitu, maana mkono ule ukizoea haurudi.

Kijana wao wa kiume yeye alileta suluhisho lake kutoka supamaketi, chumvi ya potasiamu, anasema imeandikwa ni ya watu wa presha. Ni kweli zipo na zinasaidia wengi, ila mwenye tatizo la figo au anayetumia aina fulani za dawa za presha potasiamu inaweza kumrundikana mwilini mpaka ikasumbua moyo, na mzee alikuwa anasubiri vipimo vya figo. Tukaifunga tukaiweka kabatini mpaka daktari aseme. Kijana alininunia kidogo.

Sasa jambo ambalo naona ndo lilimaliza kesi, na halihusu kiungo chochote. Angalia ugali. Ugali hautiwi chumvi. Hakuna mtu amewahi kukaa mezani akasema ugali huu hauna chumvi, kwa sababu kazi yake ni kupoza na kubeba, kelele zote ziko kwenye mboga. Wali wa kwetu pwani ndo tunautia chumvi, tunatia kwenye mchuzi, tunatia kwenye kachumbari, tunatia kwenye samaki, sahani moja imetiwa chumvi mara nne na ulimi unahesabu moja tu. Nikamwambia binti, wali wa baba upike na hiliki na kijiti cha mdalasini, chumvi sifuri. Mchicha upike chapchap na kitunguu na karanga za kukaanga zilizotwangwa, usiuchemshe ukamwaga maji, chumvi sifuri. Alafu kitu kimoja tu kwenye sahani kiwe kikali chenye chumvi yake, iwe samaki au mchuzi, na pembeni yake kitu kichachu chenye nguvu. Cha pembeni tulitengeneza chatne ya nazi, nazi iliyokunwa, pilipili mbuzi, swaumu, giligilani nyingi, ndimu, unatwanga kwenye kinu mpaka ishikane, na siku nyingine embe bichi likakatwa vipande vyembamba na kitunguu kilichooshwa. Kila tonge mzee analichovya. Mdomo ukikutana na kikali kimoja na vipoza vitatu unaridhika zaidi kuliko vitu vinne vyote vya katikati, na hili sio la mgonjwa tu, hata kwenye shughuli napika hivyo.

Chumvi yenyewe tukaipimia. Asubuhi nusu kijiko cha chai kinamwagwa kwenye kisosi kidogo, hicho ndo cha mzee siku nzima, kikiisha kimeisha. Nusu kwa sababu ile nusu nyingine imeshajificha kwenye mkate na vitu vya kununua. Siku za mwanzo kilikuwa kinaisha mchana. Baadaye kikawa kinabaki, na hilo linajulikana, ulimi ukipunguziwa chumvi taratibu unajizoesha, ndani ya wiki kadhaa kile kilichoonekana chapwa kinaanza kuonekana sawa, na vya zamani vinakuwa vimekolea mno. Kosa la familia lilikuwa kukata ghafla mpaka sifuri huku asubuhi mzee anajiongezea nje, yaani ulimi haujapewa nafasi ya kuzoea chochote.

Sio kila kitu kilikubali. Uyoga nilidhani utasaidia maana nao una hiyo ladha ya kunoga, mzee akaukataa hata kuunusa. Mama mdogo wa pale nyumbani alipoona ndimu imefanya kazi akaanza kukamulia kila kitu, wali ndimu, uji ndimu, mchicha ndimu, mzee akapata kiungulia siku mbili na bibi wa damu akapata cha kusema. Ndimu ina kiasi, na vitu vichachu viko vingi, ukwaju mpole, embe bichi, nyanya kwa mbali, maziwa mgando kwa wanaopenda, usikae na kimoja.

Na kibanda cha supu? Hiyo ndo ilikuwa ngumu kuliko upishi wote, kwa sababu mzee haendi pale kwa supu tu, anaenda kwa wenzake na gazeti. Binti alitaka kwenda kumwambia mwenye kibanda asimuuzie baba, nikamkataza, umdhalilishe mzee mbele ya wenzake alafu utarajie ale chakula chako? Tulijaribu kumwomba mpishi amchotee kabla hajatia chumvi, akasema chumvi inaingia sufuria likibandikwa, hapo hamna cha kumtengea. Kilichofanya kazi ni supu ya nyumbani kuwepo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kongoro limeanza kuchemka toka usiku, lina unga wa dagaa na nyanya ya kuchoma, tangawizi nyingi, ndimu na pilipili mezani, kisosi chake cha chumvi pembeni. Anakunywa nyumbani, alafu anaenda kibandani kunywa chai ya tangawizi na kubishana habari za mpira. Chapati moja bado anaila kule, hiyo tumemwachia.

Kilo zimeanza kurudi. Presha kliniki wanaifuatilia wao na dawa zao, mimi hapo sina la kusema isipokuwa binti kanitumia meseji kwamba daktari kauliza mmebadilisha nini, na kwamba wale watoto wa nyumbani nao wamehamia kwenye sahani ya babu, sasa chatne inabidi itwangwe mara mbili.